Miguu Niliyompelekea Musawo Ancilla

Jumatatu, 15 Septemba 2025. Nyamitanga, Mbarara.

Mwezi wa tatu sasa tangu niagane na mke wangu Orpa mlangoni pale Kashojwa, kambini. Miaka mingi zaidi tangu tukimbie Sange, kwetu Kongo. Mvua haijanyesha. Mgongo unauma. Chumba ni kilekile, panya ni walewale.

Leo nimesalitiwa. Nilikuwa nachechemea kidogo tu, tena nyuma ya jengo ambako kapita, msimamizi wetu wa ujenzi, haoni. Cassien akaona. Huyu Cassien ni Mkongo mwenzangu, wa kanisa langu, tunalala chumba kimoja, na tangu tuanze kubeba matofali hapa hana kazi nyingine ila kutaka kunipita. Alimwendea kapita Rwakabuba na uso wa huruma, akamwomba amkumbuke ndugu Appolinaire kwenye sala, mguu wake hauko sawa. Kwenye sala! Kapita hata kanisani haendi.

Kapita akaniita nishuke. Akaniuliza kama ni kweli nina sukari. Sikuweza kukataa, dawa zangu nazimeza mbele ya watu wote saa ya uji. Akasema kwenye jengo lake la mwaka jana alikuwa na mbebaji mwenye sukari. Yule mtu alikwenda hospitali na kidonda cha kidole, akarudi na magongo mawili na mguu mmoja. Hataki kuona tena. Niende kwenye kliniki ya sukari hapa Nyamitanga, yule musawo, ndivyo wanavyomwita mganga hapa, anayeangalia miguu aitazame yangu, kisha ampigie yeye simu aseme kama naweza kubeba. Bila simu hiyo sipandi ngazi, na toroli langu anapewa Cassien.

Basi mambo yako wazi. Chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia nina sugu, kubwa, nyeusi katikati. Haiumi hata kidogo. Kitu kisichouma si ugonjwa, hilo kila mtu anajua. Lakini musawo akiiona, nimekwisha. Lazima aipende miguu yangu.

Nina mpango.


Jumanne, 16 Septemba.

Mpango ni wa kikanisa. Sisi Wasabato, kabla ya Meza ya Bwana, tunaoshana miguu, wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake. Basini, taulo, unapiga magoti mbele ya ndugu yako. Lakini hakuna mtu mwenye heshima anayepeleka miguu michafu kuoshwa. Unaiosha nyumbani kwanza! Marehemu mama alitusugua kwa jiwe mpaka tukalia, ili ndugu wa kanisani akimaliza, maji kwenye basini yabaki meupe. Hiyo ndiyo adabu. Na kama ndugu anastahili adabu hiyo, musawo je?

Nimetafuta jiwe kando ya mto Rwizi. Nimesugua visigino mpaka vikawa vyekundu. Nimenunua wembe mpya, nikaichonga sugu kama fundi anavyochonga mlango. Damu ilitoka kidogo. Sikusikia kitu. Nikapaka mafuta ya Vaseline kila mahali, hadi katikati ya vidole. Pale penye weusi nikapaka kiwi ya viatu ya Cassien, nikachanganya nyeusi na kahawia mpaka rangi ikawa yangu kabisa. Kazi safi.

Cassien aliingia akaniuliza kama naoa. Kisha akakaa mbele yangu, akanyoosha miguu yake karibu na yangu, polepole, ili nilinganishe. Lazima nikubali, ile ni miguu. Laini, inang'aa kama ya mtoto aliyetoka kuogeshwa, hakuna unywele, hakuna ufa. Kanisani ndugu wanasukumana ili wamwoshe yeye, maana hakuna kazi. Alisema hapaki hata mafuta. Amezaliwa hivyo.

Nililala nimekunja yangu.


Jumatano, 17 Septemba.

Nimeonana na musawo Ancilla.

Ni mama wa Kinyankore, si mrefu, ana kigoda kifupi, tochi, na kioo kidogo kama cha kunyolea. Tulikuwa wengi kwenye mabenchi. Kila mtu alivua viatu, vyote viwili, hata yule aliyekuja kwa jicho. Nilidhani kazi ingeanza nikishakaa. Kumbe ilikuwa imeanza tangu nikiwa mlangoni! Alinirudisha nje, akaniambia niingie tena, nitembee kama mtu anayekwenda kazini. Nikatembea kama mtu anayekwenda kuoa. Akasema hapana, kazini.

Kisha nikakaa juu, yeye chini, miguu yangu ikawa mbele ya macho yake. Hakuigusa. Alitazama. Sijatazamwa hivyo popote, hata mpakani. Alianza na kucha, akaingia katikati ya vidole kimoja kimoja, akazunguka kisigino, akaweka kioo chini ya wayo, akarudi juu mpaka karibu na goti. Halafu akauweka mguu wa kulia karibu na wa kushoto, akalinganisha, kama mtu anayetafuta tofauti kwenye mapacha. Uso sikumbuki kama aliuinua.

Akachukua pamba, akafuta mara moja. Akanionyesha pamba.

"Mzee, hii ni rangi ya viatu."

Nikamweleza habari ya kanisa, na basini, na marehemu mama. Alisikiliza yote, kwa heshima. Mabenchi yote yalisikiliza.

"Mimi si kanisa, sebo," akasema, yaani bwana. "Mimi nataka mguu vile ilitembea. Ukileta safi sana, unanificha kitu."

Na wembe je? Wembe ulimkasirisha. Alinionyesha kwenye kioo nilipojikata. Alinionyesha ule weusi: ni damu iliyolala chini ya sugu, maana yake nyama ya ndani inasagwa kila ninapokanyaga. Ikifunguka itakuwa kidonda, kidonda kikifika mfupani kidole kinakatwa, na mara nyingi hakiendi peke yake. Alisema hivyo bila kutisha, kama kapita anavyosema ukuta huu umelala.

Halafu akaomba gambuti langu. Akamulika ndani kabla ya kuingiza mkono. Akalikunja. Akaniita nitazame. Pale chini, mahali pa kidole gumba, ncha ya msumari ilikuwa imetoboa soli na kusimama. Ina kutu. Ya zamani. Akaniuliza imekaa humo tangu lini.

Sikujua. Mtu mzima, msumari ndani ya kiatu chake, hajui. Mmoja mmoja, benchi zima wakaanza kugeuza viatu vyao na kuchungulia.

Akatueleza sote kwamba sukari inakula uchungu wa miguu, inaanzia kwenye vidole na kupanda. Uchungu ukishaondoka, macho ndiyo yafanye kazi yake. Asubuhi na jioni, kuangalia. Kabla ya kuvaa kiatu, kuangalia.

Hukumu: hakuna gambuti, hakuna mzigo, sandali pana, kukaa, kurudi Jumatatu aone tena. Simu kwa kapita aliipiga palepale mbele yangu.

Nimeshindwa vibaya. Lakini hii ni shajara yangu na humu sidanganyi: sijawahi kuona macho kama yale. Aliona msumari kupitia mguu. Aliuona mguuni kwanza, kiatuni baadaye!


Alhamisi, 18 Septemba.

Toroli amepewa Cassien. Analisukuma akiimba. Mimi nimepewa kazi ya kukaa na kunyoosha misumari iliyopinda. Misumari! Kapita hakuona kichekesho. Wabebaji wengine waliona.

Nimekaa, nimenyoosha, nimefikiri. Mtu akikalishwa anapata akili.

Yule musawo hakuniangalia usoni. Nimekumbuka tena na tena, hakuniangalia. Tangu mlangoni mpaka mwisho macho yake yalikuwa chini. Basi Jumatatu akiita Appolinaire, na akaja mtu mwenye miguu mizuri, atajuaje? Ataona miguu imepona. Atapiga simu. Ni mpango mwepesi mpaka nimeona haya kuwa sikuufikiria mapema.

Miguu mizuri naijua ilipo. Tatizo ni mwenyewe.

Jioni nilimwambia Cassien kwamba musawo wa Nyamitanga anatafuta mtu wa kuwaonyesha wagonjwa miguu mizuri inavyokuwa. Kwamba aliniuliza kama kanisani kwetu yuko mtu wa namna hiyo. Kwamba nilifikiri, nikafikiri, nikaona mmoja tu. Ila watu ni wengi, kwa hiyo nimeshika nafasi kwa jina langu, akiitwa Appolinaire aitike yeye, asiseme maneno mengi.

Alifikiri kwa muda wa kumeza tonge moja.

"Lakini wasiishike-shike," akasema. "Bantu ba hapa banapenda kushika."

Nikamwambia huyu hashiki. Anatazama tu.


Sabato, 20 Septemba.

Kanisani. Nilivaa vile viatu vyangu vyeusi vya ngozi, vya kufunga. Kwa saa chache tu, na kwa ajili ya Bwana. Sandali madhabahuni siwezi.

Cassien alikwenda na ndala, na suti. Njia nzima alitembea mbele yangu ili nimwone.


Jumatatu, 22 Septemba.

Siku ndefu. Naiandika kama Cassien alivyonisimulia.

Alitoka asubuhi amejipaka marashi. Mchana hakurudi. Nikafurahi, nikasema musawo ameshindwa kumwachia. Alirudi jua likiwa linazama, na mfuko wa dawa mkononi. Akakaa kwenye godoro langu badala ya lake.

Waliita Appolinaire, akasimama, akaingia kutoka mlangoni kwa madaha. Akakaa. Akanyoosha. Musawo akainamisha tochi. Hakuinua kichwa.

"Huyu si Appolinaire," akasema. "Appolinaire iko na kidole kubwa inalalia ndugu yake. Mwenyewe iko wapi?"

Watu wakacheka. Cassien akaanza kutafuta ndala zake aondoke na aibu yake. Musawo akamwambia akae. Tochi ilikuwa bado juu ya miguu.

Akamuuliza nywele za vidole zilikwenda wapi. Akajibu hazijawahi kuwepo. Akamuuliza kama ana uhakika. Cassien akafikiri, akasema kijijini, ujanani, labda zilikuwepo. Akamuuliza mbona jua kali namna hii na miguu haina jasho. Hakujua. Akamwonyesha ngozi ya muundi, inavyong'aa na kujivuta kama imevaliwa na mtu mnene kuliko mwenyewe. Halafu akamwinua kisigino kwa kidole kimoja na kumpa kioo. Nyuma pale palikuwa na lengelenge, limepasuka, na Cassien hakuwa na habari nalo.

Wakamtoboa kidole cha mkono, tone moja. Sukari imejaa. Musawo akamuuliza kama anakunywa maji mengi na kukojoa mara kwa mara. Hilo ningemjibu mimi, maana usiku ananiruka kila anapotoka.

Basi ule uzuri wote ni ugonjwa. Damu haifiki vizuri, jasho halitoki, nywele zimeondoka, na kanisa zima tulikuwa tunasukumana tuoshe. Nimeona wivu juu ya ugonjwa! Na mama mmoja, kwa tochi, akajua alipoinamisha kichwa.

Nilikuwa najiandaa kupigwa. Badala yake Cassien alinishika mkono, machozi yanamtoka.

"Yaya," akasema, kama mdogo kwa kaka yake, "wewe uliona. Ulijua ukiniambia wazi nitakataa, njo maana ukanitega."

Nilipima jambo hilo pande zote. Kisha nikamwambia ndugu ni ndugu.


Jumanne, 23 Septemba.

Kapita amesimamisha kazi asubuhi, akakusanya watu wote. Akamsifu Cassien. Mtu asiyeumwa popote, amekwenda mwenyewe kuangaliwa! Huyo ndiye mfano. Musawo amesema asibebe, basi amempa ufunguo wa stoo, na kiti. Kiti chenye mgongo. Cassien akasema mbele ya wote kwamba bila Appolinaire asingekwenda. Watu wakapiga makofi. Makofi mimi, kiti yeye.

Na toroli likabaki halina mtu.

Kapita alipokwenda kutafuta saruji, nilivaa gambuti. Nilifikiri vizuri kwanza: msumari si ulishatolewa? Kosa lilikuwa la msumari. Gambuti lenyewe halina hatia. Nikasukuma toroli mpaka kapita akarudi, ili aone mwenyewe kwa macho yake kwamba mimi ni mzima. Aliniona. Alitukana kwa Kinyankore, akanirudisha kwenye misumari. Lakini aliona.

Mguu hauumi kabisa.


Jumatano, 24 Septemba.

Soksi ilikuwa na maji. Nikadhani ni maji ya zege.

Si maji ya zege.

Nimeifunga soksi kwenye mfuko wa nailoni, nimeificha chini ya godoro. Nimefunga kitambaa. Sikutazama sana. Sina kioo, na pia sikutaka.

Jambo jingine baya. Cassien, kwa shukrani, amempigia simu Orpa Kashojwa. Amemwambia ana mume wa dhahabu. Amemsimulia yote ili amsifu mumewe vizuri: kiwi, wembe, msumari, toroli. Kila kitu! Kwa shukrani! Orpa hajanipigia. Orpa asiponipigia, yuko njiani.


Alhamisi, 25 Septemba.

Alifika mapema. Alilala kwa watu Rwekubo, njiani, ili apate gari la kwanza. Nilimwona getini, kanga ya kanisani, mkoba kichwani, anaulizia jina langu kwa kapita kama polisi.

Nikamkaribisha. Nikamuuliza habari za Chantal, mtoto wetu, habari za muhogo, habari za jirani. Nikasema kwanza ale, ametoka mbali.

"Baba Chantal, vua soksi."

Nikasema hapa kuna watu.

"Baone."

Nikavua. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Alitazama, akafunga mdomo kwa ncha ya kanga, kisha akanishika chini ya kwapa kama mtu anayemsaidia mzee, na tukaenda hivyo mpaka kliniki. Kapita mwenyewe alitufungulia geti.

Musawo Ancilla hakunisema. Hakusema lolote juu ya Cassien wala gambuti. Alikaa kwenye kigoda chake, akauweka mguu kwenye mwanga, akaanza kutazama, na mimi, kwa kuwa sikuweza kuutazama mguu, nilimtazama yeye. Alisafisha. Akaweka kioo. Akatazama kingo za kidonda pande zote. Akainama akanusa. Akafuata rangi kwa tochi kutoka kidoleni kwenda juu, taratibu, kuona kama wekundu unapanda. Akatazama mguu wa pili, akarudi. Nilikuwa nimemwona akiangalia watu wengi, na hajawahi kukawia hivyo. Nilifikiri juu ya yule mtu wa magongo mawili. Nilifikiri nitapandaje mlima wa Kashojwa kwenda kuchota maji. Orpa alikuwa ameshika mkono wangu.

"Kidole iko," musawo akasema. "Bado iko. Mfupa sioni, moto haijapanda."

Orpa akakaa chini. Si kwenye benchi, chini kabisa, sakafuni.

Musawo akaendelea, sasa akinitazama usoni, kwa mara ya kwanza. Akasema nikivaa gambuti tena, yeye hatakuwa na kitu cha kuangalia, nitakwenda kuangaliwa na daktari wa kukata. Akaondoa sugu ya kando kwa kisu chake kidogo, akafunga bandeji nyeupe, nadhifu, kama shati la Sabato. Nilitokwa na machozi. Kule kliniki kuna vumbi.

Kisha likatokea jambo ambalo nitalikumbuka. Orpa alisimama akamwomba amfundishe. Alisema hajui kusoma vizuri lakini macho anayo. Musawo akainuka kwenye kigoda, akamkalisha Orpa pale, akampa tochi na kioo, akasimama nyuma yake. Akamwambia aanze na kucha, asiruke kitu, kila anachokiona aseme kwa sauti.

Orpa akasoma mguu wangu wa kushoto, ule mzima. Kucha nene, hii imeinama. Kisigino kimepasuka. Hapa rangi moja, hapa rangi nyingine. Alikuwa anakwenda polepole kama mtu anayechambua mchele. Alipofika kwenye vidole viwili vya mwisho akavitenga, akasimamisha tochi.

"Humu katikati kuko kitu cheupe. Kama ngozi imelowa, na ufa mudogo."

Musawo akainama. Akatazama. Siku ile ya kwanza alikuwa ameangalia mguu wa kulia zaidi, na huu aliupitia mara moja tu. Akasema ni kweli, upo, ni ukungu ulioletwa na mafuta niliyojipaka vidoleni, na ufa kama ule ndio mlango wa vidonda. Hakumsifu. Alimwambia tu kile kioo akichukue, aende nacho.

Tulipofika darajani, Orpa akasimama.

"Nilikufulia soksi miaka hii yote," akasema. "Miguu yenyewe sijaiangalia hata siku moja."

Mke wangu sasa anaona kama musawo. Najivuna, na pia naogopa.


Ijumaa, 26 Septemba.

Orpa amerudi Kashojwa kuwahi Sabato. Kesho ni siku ya kuoshana miguu na mimi siwezi kwenda, bandeji haitakiwi kulowa na musawo amekataza gari. Kioo ameniachia kwa sasa, nikirudi nyumbani kitakuwa chake, na kila asubuhi ataangalia yeye. Mpaka wakati huo ameamuru mimi nimwangalie Cassien na Cassien aniangalie mimi. Alituapisha wote wawili.

Kwa hiyo asubuhi hii nimekaa uso kwa uso na Cassien, nimeshika kisigino chake, nikisema kwa sauti ninachokiona. Lengelenge linakauka. Hakuna jipya. Halafu yeye akashika wangu na tochi ya stoo. Anaangalia vizuri sana, yule mtu. Hata hapa anataka kunipita.


Jumapili, 28 Septemba.

Mguu umeinuliwa juu ya debe. Wenzangu kanisani jana wameoshana. Mimi nimekaa na misumari na mawazo.

Musawo ataniangalia tena Jumatatu, si ya kesho, ile inayofuata, tarehe 6 Oktoba. Akiridhika nitakwenda nyumbani kupumzika mpaka kipone kabisa. Asiporidhika nabaki hapa nikitazamwa. Sasa nimekuwa nikimtazama yeye anavyotazama, tena kwa bidii, na naweza kusema hakuna mtu Mbarara anayejua kazi ya yule mama kuliko mimi. Rangi, anataka iwe moja kutoka kidoleni mpaka juu. Ngozi isijivute. Jasho liwepo. Nywele za vidole ziwepo, hizo anazipenda sana, ndizo zinazomwambia damu imefika. Mwendo kutoka mlangoni uwe wa kazini.

Vidole vyangu vina nywele chache. Nimehesabu kwa kioo, ni aibu. Lakini pale karibu na daraja kuna mchinjaji, na ana ngozi ya mbuzi wa rangi yangu. Nimemwomba nywele kidogo, akanipa bila kuuliza. Gundi anayo fundi viatu. Jasho nitalitengeneza kwa kitambaa chenye maji na chumvi kabla ya kuingia. Kuhusu rangi, kiwi ilikuwa kosa, naungama, kiwi inatoka kwa pamba. Safari hii ni udongo mwekundu kama wa Kashojwa, ule usiotoka hata kwenye shati. Cassien nimemwambia ni dawa ya kienyeji. Ameomba na yeye.

Mtu anaweza kuuliza, na yule mama akitazama kwa karibu? Atazame! Ndicho ninachotaka. Nimeona alivyojua miguu ya Cassien si yangu, nimeona alivyouona msumari mguuni, nimeona alivyojua kidole kitabaki wakati mimi nilishakizika. Yule hakosei. Akisema mguu umepona, basi umepona, na mimi sina sababu ya kumbishia.

Orpa aloweke maharagwe Jumanne. Jumatano, tarehe 8 Oktoba, kabla ya jua kuzama, nitakuwa Kashojwa.